Pikapu Isiyopigiwa Debe: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Gari la Safari Ndefu za Porini

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye soko la pikapu za ukubwa wa kati, methali hiyo hunipa taabu. Toyota Hilux hujiuza, na kule Marekani Tacoma vivyo hivyo, na zote mbili zinastahili sifa zake. Lakini mnunuzi wa gari lililotumika hulipia jina kwanza, kisha chuma. Fedha inayokupa Hilux iliyozeeka na kuchoka inaweza kukupa pikapu nyingine changa zaidi, iliyotembea kilomita chache, na ukabakiwa na kitu cha kununua matairi mazuri. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka gari la kumbeba yeye, maji yake, chakula chake na malazi yake kwa siku nyingi mbali na lami, na yuko tayari kutazama pale wengine wasipotazama.

Hatua ya 1: Andika safari kabla ya kutafuta gari

Chukua karatasi ujibu maswali manne. Mtalala wangapi, na wapi: ndani ya bodi, juu ya keria, au chini kwenye hema? Ni siku ngapi zitapita kati ya kituo kimoja cha mafuta na kingine? Njia zenyewe ni mchanga, mawe, tope au changarawe? Na gari likiharibika, nani atalitengeneza?

Swali la pili lina hesabu. Pikapu nyingi za dizeli za daraja hili zina tangi la lita 75 hadi 80. Ukitumia lita 10 kwa kilomita 100, unafika karibu kilomita 800. Kwenye mchanga laini, gari likiwa limejaa, matumizi yanaweza kupanda hadi lita 15 au 20, na safari ileile ikaishia kwenye kilomita 400. Panga kwa hesabu ya mchanga.

Fikiria pia ubora wa dizeli ya njiani. Injini za kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno, na nyingi zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hutaka dizeli yenye salfa kidogo, na hutaka gari litembee kwa kasi ya kutosha ili kijisafishe. Kama njia zako zinapita kwenye dizeli isiyoaminika, injini ya zamani kidogo isiyo na kichujio itakusumbua kidogo kuliko mpya yenye nguvu nyingi. Hapa umri wa gari unaweza kuwa faida.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito, na usijidanganye

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoua pikapu nyingi. Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa, umeandikwa kwenye kibati cha mlangoni au chini ya boneti. Toa humo uzito wa gari likiwa tupu, kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba. Ndani ya kiasi hicho kunaingia abiria, bampa, hema na kila kijiko. Uliza pia uzito mtupu ulipimwaje, kwa sababu kuna nchi zinazomhesabu dereva wa kilo 75 ndani yake na nyingine hazimhesabu.

Tufanye mfano wa watu wawili. Kava ngumu la bodi kilo 90. Hema la juu 65. Bampa la chuma 60. Winchi ya kujivutia unaponasa 35. Maji lita 60, yaani kilo 60. Dizeli ya akiba lita 40 pamoja na madumu yake, kama kilo 42. Friji iliyojazwa 40. Betri ya pili 25. Droo za bodini 60. Zana na vifaa vya kujinasua 50. Chakula, nguo, matandiko na vyombo 80. Watu wenyewe 160. Haba na haba, umefika kilo 767, na bado hujaongeza tairi la pili la akiba.

Pikapu ya kazi yenye springi za majani, yaani vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ile inayoruhusiwa kubeba tani moja, inabakiwa na nafasi ya kilo 233. Pikapu nyingi za ukubwa wa kati zinazouzwa Marekani huruhusiwa kubeba kilo 500 hadi 700 tu, hata zikionekana kubwa na za kutisha. Ile ya kilo 550 ingekuwa imezidishwa kwa kilo 217 kabla ya safari kuanza. Kwa hiyo usichague kwa sura. Chagua kwa kibati.

Mahali unapoweka uzito pana maana sawa na uzito wenyewe. Chukua pikapu ambayo umbali wa ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3.1. Ukining'iniza kilo 100 mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haitahisi kilo 100. Itahisi takriban kilo 139, na ekseli ya mbele itapunguziwa kilo 39, kama watoto kwenye ubao wa kubembea. Ongeza mashimo ya barabarani yanayorusha mzigo huo juu na chini siku nzima, na utaelewa kwa nini chasisi za pikapu zenye milango minne hupinda au kupasuka nyuma ya kebini. Mifuko ya hewa inayowekwa katikati ya springi za majani ili kuinua mgongo huzidisha hatari hiyo, maana springi hugawa mzigo kwenye ncha mbili za chasisi, ilhali mfuko huusukuma mahali pamoja. Nimeona gari zuri likiisha kazi kwa namna hiyo, na mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba mifuko hiyo "inaongeza uwezo". Haiongezi. Inainua mgongo tu.

Springi za koili nyuma, kama zilivyo kwenye Nissan Navara nyingi za milango minne za kizazi cha D23 kilichoanza 2014, ni laini na hufanya gari litulie kwenye changarawe. Bila mzigo utazipenda. Ukijaza bodi daima, zitahitaji koili ngumu zaidi.

Hatua ya 3: Elewa 4x4 unayonunua

Nembo ya 4x4 mlangoni haitoshi. Kuna mambo matatu ya kuuliza.

La kwanza ni gia nzito, ile inayoandikwa 4L. Zidisha gia ya kwanza, uwiano wa 4L na uwiano wa difu, ule mtambo wa gia unaogawa nguvu kwa magurudumu. Mfano, 4.3 mara 2.6 mara 3.9 unapata takriban 44, maana yake injini huzunguka mara 44 tairi likizunguka mara moja. Kwa gari la manyuo, yaani la kubadilisha gia kwa mkono, namba ya 40 kwenda juu hukuwezesha kushuka mlima wa mawe polepole bila kukanyaga breki. Kwa otomatiki namba ndogo kidogo inatosha, kwa kuwa mfumo wake wa kupokezana nguvu kwa mafuta huongeza msukumo wa kuanzia. Honda Ridgeline haina 4L kabisa, na haina chasisi ya kujitegemea kama pikapu nyingine. Ni gari la starehe kwenye barabara mbaya ya kawaida, na kwa safari za changarawe lisidharauliwe, lakini kwa mawe makubwa si lake.

La pili ni difu ya kati. Pikapu nyingi hazina. Ukiingiza 4H, yaani magurudumu manne kwa gia ya kawaida, kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma hupita njia zenye urefu tofauti kwenye kona, na mtambo mzima hukabana. Ndiyo sababu watu wengi husafiri kwa magurudumu mawili kwenye lami yenye mvua au changarawe inayokatizwa na vipande vya lami, kisha wakateleza. Mitsubishi L200, inayoitwa Triton katika masoko mengine, ina mfumo wa Super Select kwenye matoleo mengi. Una difu ya kati, kwa hiyo unaweza kuendesha kwa magurudumu manne kwenye lami, kisha ukaifunga difu hiyo ukifika kwenye tope. Kwa msafiri anayepita njia mchanganyiko siku nzima, mimi nauweka mfumo huo juu ya vitu vingi vinavyosifiwa kuliko huo.

La tatu ni difu loki ya nyuma. Difu ya kawaida haiwezi kusukuma zaidi ya kile ambacho tairi lenye mshiko mdogo linakubali. Tairi moja likining'inia hewani, unabaki palepale. Loki hufunga matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Mfumo wa kielektroniki unaobana breki ya tairi linaloteleza husaidia pia, na kwenye magari mapya hufanya kazi vizuri, ila huhitaji uendelee kukanyaga mafuta kwa uvumilivu na hupasha breki moto. Kama gari unalolipenda halina loki, usiliache kwa sababu hiyo pekee, maana loki inaweza kufungwa baadaye. Gia nzito haifungwi baadaye.

Hatua ya 4: Majina yanayopitwa, na ndugu zao wa damu

Hapa ndipo kuna siri iliyo wazi kabisa. Pikapu kadhaa ni gari moja lenye nembo mbili. Mazda BT-50 ya tangu 2020 imejengwa juu ya Isuzu D-Max. Ile ya kabla yake, tangu 2006, ilikuwa pacha wa Ford Ranger. Fiat Fullback ilikuwa L200. Renault Alaskan, na hata Mercedes-Benz X-Class iliyotengenezwa kati ya 2017 na 2020, zilizaliwa kutokana na Navara. Volkswagen Amarok ya kizazi cha pili, iliyotoka 2022, ni ndugu wa Ranger. Pacha mwenye jina dogo mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo, huku bushi, beringi na sehemu nyingi za chini zikiwa zilezile. Kabla ya kuogopa nembo ngeni, uliza ndugu yake ni nani.

Nikianza na ninayoipenda zaidi, D-Max ni chaguo la mtu asiyetaka kusikia habari za injini. Injini yake ya lita 3.0 ya familia ya 4JJ imetoka kwa watengenezaji wa malori, haikimbii sana na haina papara. Kizazi kilichotoka mwishoni mwa 2019 kilileta difu loki ya nyuma kutoka kiwandani kwenye matoleo mengi ya 4x4. Kizazi kilichotangulia, cha kuanzia 2011, mara nyingi hakina loki, na ndiyo maana wapenda porini walikipita. Kwako hiyo ni nafasi.

L200 nimeshaisema. Ongeza kwamba hukata kona kwa nafasi ndogo kuliko wenzake wengi, jambo utakalolishukuru kwenye njia nyembamba ya msituni. Udhaifu wake ni sehemu ndefu ya bodi inayotokeza nyuma ya ekseli ya nyuma. Rudi kwenye hesabu ya ubao wa kubembea. Vitu vizito vikae karibu na kebini.

Amarok ya kwanza ilianza 2010. Ile ya otomatiki ya gia nane ina 4x4 ya kudumu lakini haina gia nzito, na ile ya manyuo yenye 4x4 ya kuchagua inayo. Watu huchanganya mbili hizi, wakanunua moja wakidhani ni nyingine. Kwa mchanga na changarawe otomatiki yake ni tamu. Kwa mawe, tafuta ya manyuo.

Navara ya kizazi cha D40 ina sifa mbaya ya chasisi kuoza kwa kutu, hasa katika nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Kuna zilizokatika katikati. Ukiipata iliyoishi kwenye ukame, ni gari lingine kabisa.

Kwa msomaji aliye Marekani, jibu langu ni Nissan Frontier. Umbo lake la 2005 liliuzwa hadi 2021 karibu bila kubadilika. Watu walichoka kulitazama, lakini kwa fundi ni raha, kwa kuwa kila ugonjwa wake unajulikana. Mkubwa ni huu: kwenye matoleo ya 2005 hadi 2010 ya otomatiki, kipoza mafuta ya giaboksi kilichomo ndani ya rejeta kinaweza kupasuka, maji yakachanganyika na mafuta, na giaboksi ikafa. Dawa ni kubadilisha rejeta mapema, au kufunga kipoza mafuta cha pekee nje yake. Matoleo ya PRO-4X yana difu loki ya nyuma. Chevrolet Colorado ZR2 ya tangu 2017 inakuja na loki mbele na nyuma na shokapu za hali ya juu sana, lakini soma kibati chake cha uzito kabla ya kuota hema la juu.

Hatua ya 5: Jaribio la spea tano

Kabla ya kwenda kuliona gari lolote, andika spea tano: seti ya klachi au kichujio cha giaboksi ya otomatiki, pampu ya maji, beringi ya gurudumu la mbele, shafti ya mbele, na nozeli moja ya kunyunyizia mafuta kwenye injini. Piga simu kwa wauzaji watatu tofauti. Uliza kama ipo, na kama haipo itachukua siku ngapi. Fanya hivyo pia kwa miji iliyoko kwenye njia unayopanga kupita. Gari ambalo beringi yake huagizwa kwa wiki tatu si gari la safari, hata liwe zuri namna gani. Na gari linalodharauliwa ambalo spea zake tano zipo zote rafuni limeshashinda nusu ya shindano.

Hatua ya 6: Kagua chuma chenyewe

Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Shika boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo linafichwa, rudi siku nyingine.

Anza chini, si kwenye injini. Lala chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga chasisi kuanzia chini ya kebini hadi nyuma, ukikaa zaidi kwenye vishikio vya springi na pale chasisi inapopanda juu ya ekseli. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti butu. Rangi nyeusi iliyopakwa juzijuzi sehemu moja tu ni swali linalotaka jibu. Kisha simama pembeni, mbali kidogo, utazame uwazi kati ya kebini na bodi. Kama uwazi wa juu na wa chini haulingani, chasisi inaweza kuwa imepinda. Tafuta mikunjo midogo ya rangi na alama za kuchomelea. Ukiona hivyo ondoka, usianze hata kujadili bei.

Tope lina tabia ya kubaki pale mwoshaji asipofika: ndani ya taa, kwenye alternata, chini ya zulia, kwenye reli za viti. Fungua nati ya kujazia mafuta ya difu. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiliwa na maji, maana yake gari lilizamishwa mtoni na hakuna aliyejali kubadilisha.

Sasa washa injini ikiwa baridi. Sikiliza sekunde za mwanzo. Mkwaruzo wa cheni ya taimingi huonekana hapo na kupotea injini ikipata moto. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito ni mafuta mengi au hewa kidogo. Mweupe usioisha ni dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka taratibu. Mvuke kidogo ni kawaida, lakini msukumo unaokirusha kifuniko unaonyesha pistoni zimechoka.

Nenda kwenye udongo uliolegea. Ingiza 4H, mwenzako asimame pembeni aone kama magurudumu ya mbele yanachimba udongo kweli. Simama, weka giaboksi katikati pasipo gia, ingiza 4L, tembea mbele na nyuma. Washa difu loki. Taa yake ikipepesa, sogea taratibu hadi itulie. Toa vyote, kata kona hadi mwisho pande zote mbili: mlio wa tak-tak mbele ni shafti. Wapo wauzaji ambao hawajawahi kuingiza 4L tangu walinunue gari, na vyuma visivyotumika miaka hugandamana.

Mwisho, endesha angalau nusu saa, pamoja na mlima, ukitazama joto la injini. Kagua tena chini baada ya hapo uone kilichoanza kuvuja.

Hatua ya 7: Fedha iliyobaki iende wapi

Kwanza huduma yote upya: oili za injini, giaboksi, transfa (giaboksi ndogo inayopeleka nguvu mbele na nyuma) na difu zote mbili, vichujio, belti, maji ya rejeta, breki. Ongeza kichujio cha pili cha dizeli chenye kutenganisha maji.

Kisha matairi. Usikimbilie makubwa. Tairi la 265/70 R16 lina kipenyo cha karibu milimita 777, na linatosha kwa sehemu kubwa ya dunia. Ukiongeza kipenyo kwa milimita 50, gari linainuka milimita 25 tu, huku gia, breki na mafuta vikilipa gharama. Chenye faida kubwa zaidi ni ubavu mgumu, mtindo wa kukanyaga njia zote, na pampu ya hewa. Kushusha upepo kutoka psi 35 hadi 18 au hata 15 kwenye mchanga kutakutoa mahali ambapo loki mbili zisingekutoa. Ukirudi kwenye njia ngumu, jaza tena kabla ya kuongeza kasi.

Baada ya hapo springi na shokapu zilizochaguliwa kwa uzito ulioandika kwenye hatua ya 2, na vishikio imara vya kuvutia mbele na nyuma. Usivutwe kwa kutumia kile kitufe cha chuma cha kuunganishia tela; kikikatika, kinaruka kama risasi, na watu wamekufa kwa hilo. Winchi, taa nyingi na bampa zito vinaweza kusubiri, na kwa wasafiri wengi nafasi yake haifiki.

Ukishafunga kila kitu, jaza gari kama unaondoka kesho, maji na mafuta yakiwemo, ulipeleke kwenye mizani. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima, ulinganishe na kibati. Halafu nenda safari ya siku mbili karibu na nyumbani, ulale humo, upike, upite barabara yenye mashimo. Ukirudi, kaza upya nati za springi, za keria na za magurudumu, na uondoe kila kitu ambacho hukukigusa.